Kitanzi baridi au cha moto? Kuondoa polipu ndogo za utumbo mpana

Polipu ni kinyama kinachoota kwenye utando wa ndani wa utumbo. Ya milimita 5 inalingana na punje ya choroko. Ya milimita 9 inakaribia punje ya njegere. Katika kila polipu 10 zinazokutwa kwenye kolonoskopi, yaani uchunguzi wa utumbo mpana kwa mrija wenye kamera (skopu), takriban 9 hazifiki milimita 10, na hizo ndizo ninazozungumzia hapa.

Hesabu yake inavutana pande mbili. Saratani ndani ya polipu ya ukubwa wa choroko ni adimu mno, kwa hiyo njia ya kuitoa haitakiwi kuwa na hatari kuishinda polipu yenyewe. Upande wa pili, kipande kinachobaki huendelea kukua kimyakimya huku mgonjwa akiwa ameshaambiwa arudi baada ya miaka kadhaa. Inatakiwa itoke yote, na kidonda kinachobaki kisilete balaa wiki ijayo.

Njia nne zimekuwa zikishindania kazi hii: koleo baridi, koleo la moto, kitanzi cha moto na kitanzi baridi. Baridi maana yake hakuna umeme. Moto maana yake kifaa kimeunganishwa na mashine ya dayathemi, inayotoa umeme wa kukata na kuchoma daktari anapokanyaga pedali. Kitanzi chenyewe ni waya mwembamba unaotoka ndani ya mrija, unafunguka kama pete yenye umbo la yai, kisha unafungwa kuizunguka polipu. (Hakihusiani na kitanzi cha uzazi wa mpango, ingawa jina ni lile lile, na mgonjwa akisikia neno hili aelezwe mapema.)

Kukata polipu kwa waya kupitia kolonoskopi kulianza New York mwaka 1969, kwa mikono ya Hiromi Shinya na William Wolff, na waya huo ulikuwa wa umeme. Kabla ya hapo polipu iliyo mbali ndani ya utumbo ilimaanisha kupasuliwa tumbo. Ndiyo maana vizazi vya madaktari vilijifunza kwamba kukata polipu ni kuichoma, na wengi bado mguu unakwenda wenyewe kwenye pedali. Kwa polipu ya milimita 9 kushuka chini, mimi nasema pedali iachwe. Nitaeleza kwa nini, kisha namna ya kukata, kwa sababu kitanzi baridi kikitumiwa vibaya huacha mabaki sawa na njia nyingine yoyote.

Tuanze na koleo, maana ndilo linaloshikwa haraka kuliko vyote. Koleo la kawaida la biopsi, yaani la kuchukua kipande cha nyama cha kupimwa, hung'ata kama milimita 2 kwa mara moja. Polipu ya milimita 1 au 2 inaingia yote kinywani mwake, inang'olewa, kazi imekwisha. Ya milimita 3 bado inawezekana ukiwa na koleo lenye kinywa kikubwa. Ukifika milimita 4 au 5 mambo yanabadilika: ng'ato la kwanza linatoa katikati, damu inatanda, na kuanzia hapo unang'ata kwa kukisia. Polipu inayotolewa vipande vipande kwa koleo ni polipu ambayo hujui kingo zake ziko wapi. Koleo libaki la vitone vya milimita 1 hadi 3, pale ambapo kitanzi hakikai vizuri, kwa mfano nyuma ya mkunjo au kwenye kona kali.

Koleo la moto sitalizungumzia kwa kirefu. Unashika polipu, unaivuta juu ya ukuta kama hema, unapitisha umeme. Kinachobaki ndani ya koleo kimeungua kiasi kwamba mpatholojia, daktari anayesoma nyama kwa darubini, hawezi kusoma kitu, mabaki huwa mengi, na moto huzama kwenye ukuta, hasa upande wa kulia wa utumbo mpana ambako ukuta ni mwembamba. Mwongozo wa chama cha endoskopi cha Ulaya, ESGE, wa mwaka 2017 ulisema waziwazi lisitumike. Kama bado liko kwenye droo yenu, liondoeni.

Ushindani wa kweli uko kati ya vitanzi viwili. Umeme unapopita kwenye waya hukata na kukausha kwa pamoja, ndiyo maana damu haitoki pale pale na daktari anaridhika na kidonda cheupe kikavu. Lakini joto haliishii kwenye mstari wa waya. Linateremka kwenye tabaka lililo chini ya utando wa ndani, ambako mishipa ya damu yenye unene imepita. Mshipa unachomwa, juu yake panafanyika gaga, na gaga hilo linapobanduka siku kadhaa baadaye, hata wiki mbili, mshipa uliolegea unafunguka. Hii ndiyo damu ya kuchelewa. Joto likizama zaidi hadi kwenye misuli, mgonjwa anapata homa na maumivu makali ya tumbo ndani ya siku chache ingawa utumbo haujatoboka. Likizama zaidi ya hapo, unatoboka.

Kitanzi baridi hukata utando wa ndani na kuambua kidogo sana cha tabaka la chini. Mishipa inayokatwa ni ile midogo ya juujuu. Inatoa damu papo hapo, mbele ya macho yako, kisha inajifunga. Hatari inahamishwa kutoka siku ya saba kwenda dakika ya kwanza, wakati skopu bado iko ndani na klipu, vibanio vidogo vya kuzuia damu, ziko mezani.

Takwimu zinakubaliana na maelezo hayo. Huko Taiwan, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliwagawa kwa kura watu 4,270 wenye polipu za milimita 4 hadi 10. Damu ya kuchelewa iliwapata 8 kati ya 2,137 waliokatwa kwa baridi, sawa na asilimia 0.4, na 31 kati ya 2,133 waliokatwa kwa moto, asilimia 1.5. Damu kali ilimpata 1 upande wa baridi na 8 upande wa moto. Muda wa kukata nao ulipungua kwa zaidi ya robo. Je, baridi haiachi mabaki? Japani walilipima hilo mwaka 2018 kwa polipu za milimita 4 hadi 9: zilizotoka zote zilikuwa asilimia 98.2 kwa kitanzi baridi na asilimia 97.4 kwa cha moto. Hapo hakuna tofauti ya maana.

Sasa lifikirie hilo ukiwa kwetu. Mgonjwa ametoka Mpanda kuja Dar es Salaam kupimwa, amekatwa polipu mbili asubuhi, keshokutwa yuko kwenye basi anarudi. Damu ya kuchelewa ikianza siku ya nane itamkuta mahali ambapo kolonoskopi haipo, na pengine damu ya kuongezewa ni ya kutafuta. Asilimia 1.5 ya Taiwan, penye hospitali za kutosha, si sawa na asilimia 1.5 ya mtu aliye safari ya siku nzima kutoka kwa aliyemkata. Zaidi ya hapo, kitanzi baridi hakihitaji mashine ya dayathemi, hakihitaji bamba la kubandika pajani, wala hakimtii wasiwasi mgonjwa mwenye kifaa cha kusukuma moyo. Wala hakuna cheche. Cheche ni jambo zito kama utumbo umesafishwa kwa manitoli, sukari inayoharisha, kwa sababu bakteria huichachusha na kutoa haidrojeni na methani, gesi zinazoweza kulipuka umeme unapopita. Palipo na nia ya kutumia umeme, manitoli isitumike kusafishia.

Tuingie kwenye mkono sasa. Tuseme polipu ya milimita 6, bapa lenye kuinuka kidogo, kwenye utumbo unaopanda upande wa kulia.

Kwanza ipime. Kitanzi chenyewe ndicho rula yako: kama kina upana wa milimita 10 na polipu inachukua zaidi kidogo ya nusu yake, ni milimita 6. Polipu ya milimita 6 na ukingo wa utando mzima wa milimita 2 kila upande inafanya milimita 10, kwa hiyo kitanzi cha milimita 10 kinatosha barabara. Ya milimita 9 itataka kitanzi cha 15. Kitanzi kikubwa kupita kiasi hulegea na kuzoa nyama nyingi, kidogo kupita kiasi hukata ndani ya polipu. Waya uwe mwembamba. Vitanzi vilivyotengenezwa mahsusi kwa kukata bila umeme vina waya wa takriban milimita 0.3, na vile vya zamani vya moto vinakaribia 0.5. Waya mnene bila umeme haukati, unaponda.

Kabla hakijaingia kwenye skopu, kifungue na kukifunga nje mara mbili. Kikifungwa, ncha ya waya izame kabisa ndani ya mrija. Kama inachungulia nje, kitanzi hicho hakitamaliza kukata. Hili huonekana sana kwa vitanzi vya kutumika mara moja vilivyooshwa na kurudiwa: mrija umevutika, waya umepinda, pete inafunguka kwa ubavu. Vifaa ni ghali na najua sababu ya kurudia, lakini hicho ndicho chanzo cha nusu ya malalamiko kwamba kitanzi baridi hakikati, achilia mbali maambukizi.

Igeuze skopu mpaka polipu ikae kwenye namba 5 au 6 ya saa ya ukutani, yaani chini ya picha, maana huko ndiko vifaa vinakotokea. Usikubali kukata polipu iliyo juu kwenye namba 12 kwa sababu ya uvivu wa kuzungusha mkono. Mzungushe mgonjwa pia ikibidi. Suuza kamasi na kinyesi kilichobaki ili kingo zionekane.

Kuanzia hapa kazi ni ya watu wawili, na mazungumzo yake yanatakiwa kuwa mafupi na yale yale kila siku:

"Sista, fungua."

"Wazi."

Laza mrija juu ya ukuta, sukuma ncha ya skopu chini ili pete nzima iguse utando, ukione kitako cha polipu pamoja na duara la utando mzima ndani ya waya. Fyonza hewa kidogo, ukuta ulegee. Ukifyonza nyingi mno, nyama itaingia kwenye pete kuliko unavyotaka.

"Funga taratibu."

Wakati anafunga, wewe unasogeza mrija mbele kidogo kidogo, kwa sababu waya ukirudi ndani ya mrija pete nzima huvutwa kuja kwako. Usiposogeza, ukingo wa mbali unakatwa ndani ya polipu. Hapa ndipo mabaki mengi yanapozaliwa.

"Daktari, imekaza."

Simama. Tazama: je, utando mzima unaonekana pande zote nje ya polipu, ndani ya waya? Kama ndiyo:

"Funga yote."

Kwa kitanzi cha moto ulifundishwa kuinua polipu ikae mbali na ukuta kabla ya kukanyaga pedali. Kwa baridi usiinue. Ukiinua unavuta tabaka la chini ndani ya waya, na waya utagoma kukata. Kuna faida nyingine: polipu isiyoinuliwa hairuki. Ikikatwa hubaki juu ya kidonda chake, unaifyonza papo hapo.

Waya ukigoma, usivute skopu kwa nguvu. Sababu karibu zote ni moja, umekamata nyama nyingi. Mwambie sista aendelee kukaza kwa nguvu kwa sekunde chache, na wewe nyoosha skopu ili waya usipinde njiani. Ikishindikana, legeza pete kidogo bila kuifungua yote, ingiza hewa ukuta ukunjuke, tingisha mrija kwa upole tabaka la chini liponyoke, kisha funga tena. Kishawishi cha kuunganisha umeme katikati ya hali hiyo kiepukwe: umekamata nyama nyingi iliyobanwa ukutani, na huo ndio mkao mbaya kuliko yote wa kupitisha moto.

Polipu imetoka. Kidonda kitaonekana kikubwa kuliko ulichokata, kwa kuwa utando hujivuta kando. Ukielekeze kidonda mkondo wa maji. Maji yanaingia kwenye tabaka la chini na kulivimbisha kama lengelenge, kingo zinasimama, damu ndogo inapungua, na mabaki yakiwepo yanajitokeza. Zunguka kingo zote kwa macho, kwa mwanga wa kawaida kisha kwa mwanga maalumu wa samawati kama skopu yako inao. Ukiona kipande, kikate tena kwa kitanzi kile kile, na ukingo wake.

Mara nyingine katikati ya kidonda panabaki kijiti cheupe kilichochomoza, na anayejifunza hushtuka akidhani ni polipu iliyobaki au utumbo umetoboka. Hicho ni kipande cha tabaka la chini kilichobanwa na waya kikakataa kukatika. Hakina polipu ndani yake. Kiache.

Damu itatoka. Ni ya kutiririka polepole, nayo hukoma ndani ya dakika moja au mbili. Itazame mpaka ikome, usiondoke. Ikirukaruka kwa mapigo ya moyo, au ikiendelea, bana kwa ncha ya skopu kisha weka klipu moja. Kuweka klipu kila kidonda kwa tahadhari tu ni kupoteza klipu.

Ufyonzaji nao una mtego wake. Polipu ndogo hupasuka inapopita kwenye vali ya kufyonzea. Punguza nguvu ya kufyonza, nyunyiza maji huku unafyonza, na uweke kichujio, au kipande cha gozi kwenye mdomo wa mrija kama kichujio hakuna. Polipu isiyofika maabara haina jina, na mgonjwa hawezi kupangiwa tarehe ya kurudi kwa kukisia.

Sasa mipaka. Kitanzi baridi hakifai kwa polipu yenye kikonyo kinene, kwa kuwa ndani ya kikonyo pana mshipa mkubwa. Hapo umeme ni haki yake, na kikonyo cha milimita 10 au zaidi kinatakiwa kidungwe adrenalini iliyochanganywa na maji au kifungwe kwanza. Hakifai kwa polipu iliyodidimia katikati, hata iwe ya milimita 6, wala kwa inayogoma kuinuka au yenye mishipa iliyovurugika usoni. Hizo zinaweza kuwa na saratani tayari, na kitanzi baridi hakichimbi kwa kina kinachomwezesha mpatholojia kupima saratani imezama kiasi gani. Adenoma, aina ya polipu inayoweza kugeuka saratani, za milimita 10 hadi 19 bado nyingi hukatwa kwa moto. Polipu bapa zenye meno ya msumeno zikitazamwa kwa darubini ni habari tofauti. Zinakubali baridi hata zikiwa kubwa, mradi hazina dalili za kubadilika, lakini kingo zao zimefifia kama madoa ya mafuta. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2013, uliopima polipu za milimita 5 hadi 20 zilizokatwa kwa umeme, ulikuta mabaki katika asilimia 10.1 ya zote, na katika aina hii ya msumeno yalikuwa asilimia 31. Kilichonigusa zaidi katika utafiti ule ni tofauti kati ya daktari na daktari: aliyekuwa bora aliacha mabaki katika asilimia 6.5, wa mwisho katika asilimia 22.7. Wote walitumia umeme.

Dawa za kuyeyusha damu zinahitaji neno. Aspirini isisimamishwe. Kwa warfarini, Wajapani walijaribu mwaka 2014 kwa wagonjwa 70 walioendelea kuinywa, wakiwa na polipu za hadi milimita 10: damu ya kuchelewa iliyohitaji kuzuiwa iliwapata asilimia 14 ya waliokatwa kwa moto, na hakuna hata mmoja upande wa baridi. Wagonjwa 70 ni wachache, na hiyo si ruhusa ya kukata bila kuangalia INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda. Wala mgonjwa asijiamulie kuacha dawa nyumbani. Mwenye vali ya moyo ya chuma au stenti ya karibuni (kijimrija cha kuzibua mshipa wa moyo) azungumziwe na daktari wake wa moyo kwanza, na kama ni uchunguzi usio na haraka, uahirishwe.

Mgonjwa aondoke na maneno machache aliyoyaelewa, kwa Kiswahili, yakiwa yameandikwa: matone ya damu kwenye choo siku ya kwanza si ajabu, lakini damu ya mabonge, kizunguzungu, homa au tumbo kuwa gumu ni hospitali siku hiyo hiyo, na aonyeshe karatasi hiyo. Apewe namba ya simu inayopokelewa usiku. Kama alikatwa kwa moto, muda wa kuwa macho ni wiki mbili, na safari ndefu ingojee.

Tarehe ya kurudi inategemea majibu. Kwa mwongozo wa Marekani wa 2020, adenoma 1 au 2 zisizofika milimita 10 ni miaka 7 hadi 10, adenoma 3 au 4 ni miaka 3 hadi 5, na 5 hadi 10 ni miaka 3. Hesabu hizo zinachukulia kwamba utumbo ulikuwa safi, skopu ilifika mwisho kwenye sikamu, mfuko ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, na polipu zilitoka zote. Ripoti itaje yote matatu, pamoja na ukubwa kwa milimita, mahali, umbo, kifaa kilichotumika, na kama ilitoka kwa mkato mmoja au vipande. Kila eneo la utumbo liwe na chupa yake ya fomalini asilimia 10, fomalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa nyama, na jina liandikwe ubavuni mwa chupa, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana mezani.